Mnyang'anye Mjomba Rula: Namna ya Kujua Ndege Itatua Saa Ngapi

Kila ukoo ulio na mtoto ng'ambo una mjomba mmoja anayejua hesabu za ndege. Hangoji kuulizwa. Ramani iko ukutani sebuleni, rula iko mkononi, na kabla chai haijapoa ameshapima kutoka Nairobi hadi New York, akagawanya kwa mwendo anaoujua yeye, akatangaza saa. Ukoo mzima unajipanga kwa saa hiyo: nani aombe ruhusa kazini, gari la nani litakwenda, wali uteremshwe lini. Kisha watu wanakaa nusu siku kwenye viti vya chuma vya uwanja wa ndege, wazee wakishika viuno, watoto wakisinzia mapajani, na ubao wa ndege zinazoingia haujaandika hata jina la mji mgeni anakotoka.

Mwongozo huu ni wa hao waliokaa kwenye viti vya chuma. Msafiri mwenyewe hauhitaji sana. Ameshafunga mkanda, atafika atakapofikishwa. Anayehitaji hesabu sahihi ni yule anayesubiri, kwa sababu saa ikishapita bila habari, moyo wake huanza kujaza nafasi hiyo kwa mambo mabaya. Nimeona kina mama wakilia kwa ndege ambayo ilikuwa bado haijamaliza nusu ya safari. Machozi hayo hayakuwa na sababu, na dawa yake ni kuzidisha na kugawanya tu.

Tuchukue safari moja tuifuate mpaka mwisho: Nairobi kwenda New York bila kutua njiani. Kenya Airways ilianza kuiruka tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8, kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa John F. Kennedy. Ni safari nzuri ya kujifunzia kwa sababu kila kosa linalowezekana katika hesabu hizi limo ndani yake: umbali mkubwa, bara zima na bahari nzima katikati, upepo wa kinyume, na saa zinazohama.

Kwanza, rula

Mnyang'anye mjomba rula kwa adabu. Mwamkie, mletee chai nyingine, halafu mpe mpira wa watoto na uzi wa cherehani.

Ramani ile ya ukutani ina uwezekano mkubwa wa kuwa mtoto au mjukuu wa ramani aliyoichora Gerardus Mercator mwaka 1569. Aliichora kwa ajili ya mabaharia, ili mstari ulionyooka kwenye karatasi uwe mwelekeo mmoja wa dira baharini. Kwa kazi hiyo ni ramani ya ajabu na imeokoa meli nyingi. Lakini ili kuupata unyoofu huo, Mercator ilimbidi azivute nchi kadiri zinavyokaribia ncha za dunia. Ndiyo maana Greenland inaonekana kama ndugu pacha wa Afrika, ilhali Afrika ni karibu mara 14 ya ukubwa wake. Ukipima sentimita za ramani hiyo ukazigeuza kilomita, sentimita ya Nairobi na sentimita ya New York hazina urefu mmoja. Mjomba anajumlisha vitu viwili tofauti na kuviita jina moja.

Sasa chukua ule mpira. Weka alama ya Nairobi karibu kabisa na mstari wa ikweta, chini yake kidogo. Weka ya New York juu kushoto. Bana uzi kwa kidole Nairobi, uvute hadi New York, uukaze mpaka usiwe na pa kulegea. Tazama ulivyolala. Rula ya mjomba iliipeleka ndege juu ya Kongo, Nigeria, Burkina Faso na Mauritania kabla ya kuingia Atlantiki. Uzi umekwenda kwingine kabisa: umepanda kaskazini magharibi juu ya Uganda na Sudan Kusini, ukakata kona ya Darfur, ukapita Chad, Niger na Algeria, ukatokea Morocco. Na ukiukunja uzi mara mbili kupata katikati yake, kidole chako kitaangukia karibu na Marrakech. Mtu anayeagwa Nairobi usiku, nusu ya umbali wake bado yuko juu ya bara la Afrika. Hilo pekee linatosha kumfanya mzazi asianze kuhesabu bahari mapema.

Njia hiyo ya uzi uliokazwa huitwa duara kuu. Ni njia fupi kuliko zote juu ya dunia, na ndiyo umbali unaoandikwa na programu nyingi za safari. Ukiona kwenye kioo cha mbele ya kiti ndege imechorwa ikienda kwa upinde, rubani hajapotea. Karatasi ndiyo iliyokunja njia yake.

Hesabu yenyewe

Mpira unaonyesha njia, lakini hautakupa kilomita. Kwa kilomita unahitaji simu yenye kikokotozi cha kisayansi na namba nne. Bonyeza kwa kidole juu ya uwanja wa ndege kwenye ramani ya simu, ukishikilie kidogo, na latitudo na longitudo zitatokea. Uwanja wa Nairobi uko latitudo 1.32 kusini na longitudo 36.93 mashariki. Ule wa New York uko 40.64 kaskazini na 73.78 magharibi. Kusini na magharibi viandike kwa alama ya kutoa. Usiisahau: bila alama hiyo utaihamisha New York hadi katikati ya Asia, na simu haitakugombeza.

Tafuta tofauti ya longitudo. Kwa kuwa mmoja uko mashariki na mwingine magharibi, zinajumlishwa: 110.71. Sasa zidisha saini ya latitudo ya kwanza kwa saini ya latitudo ya pili, uweke jibu kando. Kisha zidisha kosaini ya latitudo ya kwanza kwa kosaini ya latitudo ya pili, na jibu hilo ulizidishe tena kwa kosaini ya tofauti ya longitudo. Jumlisha hayo mawili. Utapata takriban −0.283. Bonyeza kosaini kinyume, simu itakuambia nyuzi 106.45. Hizo ndizo nyuzi zinazotenganisha miji hii miwili ukizipima kutoka kitovu cha dunia.

Ukipata jibu la ajabu, angalia juu ya kioo kama kikokotozi kimewekwa kwenye nyuzi au kwenye radiani. Ni kosa linalowapata hata wanafunzi wa uhandisi.

Kugeuza nyuzi kuwa kilomita kuna siri nzuri ambayo inafaa kila mtoto wa shule aijue. Wafaransa walipoitunga mita, miaka ya 1790, waliitaka iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta. Kwa hiyo robo ya mzunguko wa dunia ni kilomita 10,000, na mzunguko mzima ni kama 40,000. Gawa kwa nyuzi 360, utapata kilomita 111 na kidogo kwa kila uzi mmoja. Mabaharia na marubani wana njia fupi zaidi: uzi mmoja una dakika 60, na dakika moja ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Zidisha 106.45 kwa 111.2. Umbali wa Nairobi hadi New York ni karibu kilomita 11,840.

Dunia si mviringo kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha. Kosa linalotokana na hilo halizidi nusu ya asilimia, nalo kwa safari hii ni dakika chache tu za kuruka. Mjomba akilitaja, mkubalie na uendelee.

Kutoka kilomita hadi saa

Hapa ndipo watu wengi hutafuta mwendo wa ndege, wakaona kilomita 900 kwa saa, wakagawanya. Namba hiyo ni ya kweli. Boeing 787 ikishafika juu husafiri kwa kama asilimia 85 ya kasi ya sauti, na huko juu ni karibu kilomita 900 kwa saa. Lakini haipai na kasi hiyo wala haitui nayo. Inajikokota kutoka langoni, inapanga foleni, inapanda polepole na tangi zilizojaa, na mwishoni inazungushwa juu ya mji ikisubiri zamu. Tena uwanja wa Nairobi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mbawa na injini hupata kazi zaidi kuinua mzigo. Baridi ya usiku husaidia.

Kwa hiyo tumia kanuni hii, nayo inafaa karibu safari zote ndefu: gawa kilomita kwa 850, halafu ongeza nusu saa. Kilomita 11,840 kwa 850 ni kama saa 13 na dakika 56. Ongeza nusu saa, umekaribia saa 14 na nusu. Ratiba ya kwenda husema takriban saa 15, ya kurudi takriban saa 14. Hesabu yetu imekaa katikati.

Kwa nini kwenda kuzidi kurudi, na umbali ni ule ule? Wapo wanaoamini ni kwa sababu dunia inazunguka kuelekea mashariki, basi New York inaikimbia ndege. Sivyo. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani ya hewa hiyo. Sababu ni upepo. Kati ya kilomita 9 na 12 juu, katika latitudo za kati, kuna mito ya upepo inayokwenda kutoka magharibi kuelekea mashariki, na wakati wa baridi mito hiyo huongeza nguvu. Mjapani Wasaburo Ooishi aliipima katika miaka ya 1920 kwa kurusha maputo kutoka kituo cha Tateno na kuyafuata kwa darubini. Aliandika matokeo yake kwa Kiesperanto ili dunia nzima iyasome, na karibu dunia nzima haikuyasoma. Miaka ya vita vya pili vya dunia, marubani wa Marekani waliokuwa wakienda Japani walikutana na upepo huo juu na kushangaa kuona ndege zao karibu zimesimama.

Anayetaka kuona nguvu yake atazame usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Februari 2020. Ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 iliondoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida hukaribia saa saba. Injini zilikuwa zile zile. Dhoruba ilikuwa inausukuma upepo nyuma yake. Siku hiyo hiyo waliokuwa wakienda upande wa pili waliulipia.

Basi kanuni: ukienda magharibi kwa safari ndefu juu ya Atlantiki, ongeza. Ukirudi mashariki, punguza. Ukienda kaskazini na kusini, kama Nairobi hadi Ulaya, tofauti ni ndogo.

Kuna jambo la pili linaloongeza saa ambalo hesabu ya uzi hailijui kamwe, nalo ni vita. Mbingu zina mipaka, na mipaka hiyo hufungwa. Kumbuka uzi wetu ulikata kona ya Darfur. Tangu mapigano yaanze Sudan mwezi Aprili 2023, ndege za abiria zinazopita juu zimekuwa zikilikwepa anga la nchi hiyo. Kwa Nairobi na New York ni kupinda kidogo tu. Lakini waulize wanaotoka Helsinki kwenda Tokyo. Safari yao ilikuwa ya saa tisa na nusu hivi, moja kwa moja juu ya Siberia. Urusi ilipolifunga anga lake kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, Finnair ilianza kuzunguka, mara juu ya Ncha ya Kaskazini, mara kwa kusini, na safari ikawa ya saa kama 13. Miji haikusogea hata mita moja. Uzi kwenye mpira ni ule ule. Kilichobadilika ni ruhusa.

Kwa hiyo namba ya kilomita ichukuliwe kuwa chini ya hapo haiwezekani, si kuwa ahadi. Ahadi iko kwenye ratiba, na ratiba ina hesabu zake: saa zilizoandikwa ni za lango hadi lango, tangu ndege iachie lango la kuondokea hadi isimame kwenye lango la kufikia. Kujikokota na kupanga foleni kumeshawekwa ndani. Ndiyo maana wakati mwingine ndege huchelewa kuondoka nusu saa na bado ikafika kwa wakati, na abiria wakapiga makofi.

Saa ya nani?

Sasa tumefika kwenye jambo lililoharibu sherehe nyingi kuliko upepo na vita vikichanganywa.

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mahali panapotajwa. Saa ya kuondoka ni ya mji wa kuondokea, saa ya kufika ni ya mji wa kufikia. Ukitoa moja kwa nyingine hupati urefu wa safari. Tuseme tiketi inasema ndege inaondoka Nairobi Jumatatu 23:25 na inafika New York Jumanne 06:25, mwezi wa Januari. Mtu atatoa, apate saa saba, na kutangaza kwamba teknolojia imekwenda mbali. New York wakati huo iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Igeuze saa ya kufika iwe ya Nairobi: 06:25 na saa nane ni 14:25. Kutoka 23:25 hadi 14:25 ni saa 15 kamili. Njia ni hiyo moja na haikosei: geuza saa zote ziwe za anayesubiri, ndipo utoe. Marubani wenyewe hufanya hivyo, ila wao hutumia saa za Greenwich kila mahali.

Na hizo nane hazikai nane mwaka mzima. Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Katikati ya hapo tofauti na Nairobi ni saa saba. Waingereza na nchi za Ulaya wana tarehe zao: Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi wa karibu na ikweta hatusogezi chochote, jua letu ni aminifu, lakini tunasogezewa. Kwetu wenyewe pia kuna mitego midogo. Anayeruka kutoka Goma kwenda Kinshasa hajavuka mpaka wowote, ila saa yake imerudi nyuma saa moja, kwa kuwa Kongo ina majira mawili. Kigali na Bujumbura ziko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja, Muscat iko mbele kwa saa moja, na China nzima, mashariki hadi magharibi, inatumia saa moja tu, tano mbele ya Dar.

Mtego mkubwa kuliko yote ni wetu. Tiketi huhesabu saa tangu usiku wa manane, sisi tunahesabu tangu jua kuchomoza na kuzama. Ile 06:25 ya New York ni saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi kwao, na wakati huo Nairobi ni saa nane na dakika 25 mchana. Mtoto aliyezoea saa ya simu anaandika kwenye kundi la ukoo, "Natua saa 6 asubuhi." Saa sita asubuhi haipo. Anayesoma kwa haraka anachukua saa sita mchana, mwingine anachukua saa sita usiku, wa tatu anaongeza zile nane juu yake. Watu watatu, magari matatu, siku mbili tofauti.

Ongezea hapo usiku wenyewe ni wa siku gani. Nimeshuhudia mazungumzo haya, Alhamisi alasiri, kwenye baraza moja mjini Mombasa. Mgeni alikuwa anaingia kutoka Muscat, tiketi imeandikwa Ijumaa 00:35.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Gari umeshalitia mafuta?"

"Bado, bibi. Si ni Ijumaa usiku? Kesho nikitoka kazini nitapitia kituoni."

"Ijumaa usiku ndiyo hii inayoingia. Magharibi ikiadhiniwa tumo ndani ya usiku wa Ijumaa. Kesho usiku ni Jumamosi hiyo, utamkuta nani?"

Kijana aliitazama tena tiketi kwenye simu, akaivuta kwa vidole viwili namba zikawa kubwa, akanyamaza. Bibi hajawahi kupanda ndege, lakini hesabu ya wazee wa pwani, ambayo usiku hutangulia mchana wake, ndiyo iliyokuwa inakubaliana na tiketi. Kijana mwenye shahada alikuwa amechelewa siku nzima. Alilitia gari mafuta kabla ya magharibi.

Lakini hesabu ya bibi nayo ina mahali inapoteleza: ndege ya Alhamisi 23:25 na ndege ya Ijumaa 00:35, kwake zote ni za usiku wa Ijumaa, na mjini wengi hawamwelewi. Suluhisho tunalo tayari, watangazaji wa redio hulitumia kila siku: sema "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa". Ukiandika hivyo, Mwarabu, Mzungu, bibi na mjukuu wote watafika usiku mmoja. Kwa ndege yoyote inayotua au kuondoka kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, usikubali ujumbe usio na neno "kuamkia" ndani yake. Na iwapo wewe ndiye unayesafiri, tiketi ya Ijumaa 00:35 maana yake ni kutoka nyumbani Alhamisi jioni. Wapo waliofika kaunta Ijumaa usiku na masanduku yao, wamevaa vizuri, ndege yao ikiwa imeondoka usiku uliopita.

Kuunganisha

Wengi wetu hatupati safari ya moja kwa moja. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo mara nyingi hupitia Dubai au Addis Ababa, na baraza zima litamshauri apitie Dubai kwa sababu "iko njiani", ilhali Addis ni kupanda kaskazini bure. Mpe kila mshauri kikokotozi. Dar es Salaam hadi Guangzhou kwa duara kuu ni karibu kilomita 8,710. Kupitia Dubai ni takriban 3,980 na 5,830, jumla kama 9,800. Kupitia Addis ni takriban 1,760 na 8,040, jumla kama 9,800. Ni sawa kabisa! Dubai ilionekana iko njiani kwa macho tu.

Kinachotofautisha safari hizo mbili basi si kilomita, ni saa za kukaa kituoni. Kilomita 1,100 za ziada ni kama saa moja na robo angani. Kukaa saa tisa kwenye benchi la uwanja wa watu ni saa tisa. Unapolinganisha tiketi, usiulize njia ipi ni fupi. Jumlisha saa zote tangu lango la kwanza hadi lango la mwisho, kwa saa za nyumbani, kisha tazama bei.

Kusubiri

Hesabu ikishakamilika, usiende uwanjani kwa saa ya kutua. Ndege kutua si mtu kutoka. Kuna kujikokota hadi langoni, kushuka, foleni ya uhamiaji, mkanda wa mizigo, na forodha wakitaka kuona kilichomo. Kwa ndege kubwa, saa moja baada ya kutua ni mwendo mzuri, na moja na nusu haina ajabu. Mgeni anayefika Marekani mara ya kwanza mpe saa mbili kabla hujaanza kupiga simu.

Na unapoifuata ndege kwenye programu za simu zinazoonyesha alama ndogo ikisogea juu ya ramani, kumbuka zinavyofanya kazi. Ndege hutangaza mahali ilipo kwa redio, na vipokezi vilivyo ardhini hudaka tangazo hilo. Kipokezi huona kilomita mia chache tu, kwa kuwa dunia ni mviringo na ndege huzama nyuma ya upeo wake. Juu ya Sahara vipokezi ni vichache, na katikati ya Atlantiki hakuna wa kuviweka. Kwa hiyo itafika saa ambapo alama ya ndege itasimama, au itapauka, au itatoweka kabisa. Hakuna kilichoipata. Imevuka mpaka wa masikio ya ardhini, nayo itatokea tena ikikaribia pwani ya pili. Mwambie mama jambo hili kabla ndege haijapaa, umwambie na saa ambayo huenda alama ikapotea, ili ikipotea awe anaitarajia. Kwa safari yetu ya Jumatatu usiku, upande wa Atlantiki ni baada ya kama saa nane angani, yaani Jumanne kuanzia saa moja na nusu hivi asubuhi kwa saa za Nairobi.

Kisha andika ujumbe mmoja kwenye kundi la ukoo, uwe wa mwisho: "Anaondoka usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, saa tano na dakika 25. Safari ni saa 15. Kwa saa zetu anatua Jumanne saa nane na dakika 25 mchana. Simu yake itegemeeni kuanzia saa kumi na nusu. Kabla ya hapo msimtafute, wala msimpigie mama kumuuliza."